Wazee wa korosho walishalipa: barua ya wazi kwa walioshika mfuko wa Serikali

Kwa:
Waziri wa Fedha,
Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Waheshimiwa wabunge wa Tanzania Bara.

YAH: PENSHENI KWA WAZEE WOTE WA BARA

Waheshimiwa, shikamooni kwa mnaostahili, na wengine habari za kazi.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni wakala wa fedha za simu hapa Masasi, mkoani Mtwara. Kazi yangu ni kuweka na kutoa, na kwa kazi hiyo najua mambo ya watu kuliko ninavyopenda. Najua mtoto gani aliyeko Dar es Salaam anamkumbuka mama yake na yupi kabadilisha namba. Najua bibi gani anakuja na simu imefungwa kwenye ncha ya kanga, ananikabidhi na namba ya siri juu yake, ananiambia, "Mwanangu, niangalizie, mjukuu wangu kasema katuma." Nikiangalia, mara nyingine imo elfu kumi na tano na ya kutolea. Mara nyingine hakuna kitu, na inanibidi nimwambie mtandao unasumbua, arudi kesho.

Nawaandikia kwa sababu kila Oktoba Mosi, Siku ya Wazee Duniani, tunawasikia mkisema kwamba Watanzania ni watu wanaowaheshimu na kuwatunza wazee wao. Maneno hayo ni mazuri. Ila ukitaka kujua jamii inathamini nini, soma bajeti yake kabla ya hotuba zake, uone kodi inakatwa kwa nani na inarudi kwa nani, kwa masharti gani. Nimejaribu kuisoma ya kwetu kwa macho hayo, nikiwa nyuma ya dirisha hili la uwakala.

Nianze na utunzaji wa familia, maana ndiko mnakotuelekeza siku zote. Mzee anatunzwa na watoto wake. Sawa, na kwa wengi ni kweli, mimi ni shahidi. Lakini utunzaji huo una majira. Korosho zikishauzwa, kuanzia Oktoba hadi kama Desemba, pesa zinazunguka, na hata aliye kijijini anampa mama yake kitu mkononi. Ikifika Januari shule zinafunguliwa: sare, madaftari, michango. Hapo miamala ya kuja kwa wazee inakatika kama maji ya bomba. Watoto hawajawa wabaya ghafla mwezi huo. Wana watoto wao. Kijana anayeendesha bodaboda Mbagala, mwenye mke na watatu wanaosoma, akichagua kati ya sare ya mwanawe na unga wa mama yake, siwezi kumhukumu. Mzee ndiye anayesubiri.

Sasa kumbukeni Julai 2021. Serikali ilileta tozo kwenye miamala ya simu, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Mlisema fedha zitajenga vituo vya afya na madarasa, na vingi vilijengwa kweli, sitasema uongo. Ila fikirini muamala wenyewe ulikuwa wa nani. Kwenye kibanda changu, sehemu kubwa ya pesa zinazoingia kutoka mjini ni za watoto kuwatumia wazazi. Yaani Serikali iliyotuambia mzee ni jukumu la familia ilikaa katikati ya barabara ambayo familia inapitisha jukumu hilo, ikakata chake. Watu walinijia wamenuna wakidhani mimi ndiye ninayewakata. Septemba mwaka huohuo mkapunguza kwa asilimia 30, baadaye mkapunguza tena, na kwa hilo tuliwashukuru. Lakini uamuzi wa kwanza ndio unaoonyesha mawazo yalikokuwa, na sidhani kama yamehama sana tangu hapo.

Mtasema TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo. Ipo, na mimi si adui wa TASAF. Nimewaona waliolishwa na pesa hizo, na watoto waliobaki shuleni kwa sababu yake. Awamu ya pili ya mpango wa kunusuru kaya maskini, iliyozinduliwa Februari 2020, ililenga kaya 1,450,000. Si jambo dogo. Ila tazameni imejengwa juu ya misingi gani.

Kwanza, ili mzee apate, lazima athibitishe kwamba ni fukara, tena hadharani. Mkutano wa kijiji unaitishwa, majina yanatajwa. Fulani hana kitu. Hapana, fulani ana bati. Bati kawekewa na mtoto wake. Basi ana mtoto. Halafu anakuja mtu na hojaji: unalala kwenye nini, unapikia nini, umekula mara ngapi jana. Majibu yanakwenda kwenye kompyuta, yanarudi na alama, na orodha inasomwa tena mbele ya watu. Mzee mmoja wa huku, fundi seremala wa zamani ambaye nusu ya milango ya kijiji kile ni kazi ya mikono yake, aliondoka mkutanoni kabla jina lake halijajadiliwa. Akasema yeye hawezi kusimama watu wakipiga kura kama ni maskini. Hakuandikwa. Kwenye takwimu zenu huyo ni mtu asiyehitaji.

Pili, kaya yenye watoto inapata nyongeza kwa masharti: mtoto ahudhurie shule, mdogo apelekwe kliniki. Na mwenye nguvu anapewa kazi za ajira za muda, kuchimba bwawa au kutengeneza barabara, alipwe kwa siku. Najua msingi wake. Mwalimu Nyerere mwaka 1962, alipoeleza ujamaa ni nini, alikumbusha ule msemo wetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumeupenda msemo huo hadi umekuwa sera. Ila katika andiko lilelile Mwalimu alisema jambo jingine ambalo hatulirudii sana: kwamba mzee aliyeonekana amekaa tu huku wengine wakifanya kazi, alikuwa ameshafanya kazi kwa bidii ujana wake wote. Mali aliyoonekana kuwa nayo haikuwa yake binafsi, alikuwa mlinzi wake tu, na heshima aliyopewa alikuwa ameitumikia. Huyo mzee si mgeni. Jembe alishalishika.

Tatu, sehemu kubwa ya fedha za mpango ule imetoka nje. Awamu ya pili imebebwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola milioni 450, na wafadhili wengine juu yake. Mkopo tutaulipa, ni kweli, lakini kinachoanzishwa kwa mkopo kina tarehe ya kuisha. Barabara za lami tunaziwekea fungu la kila mwaka. Mzee wa kijijini tumemwekea mradi.

Nirudi kwenye hilo jembe, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo, na wenzetu wa Kusini wanaijua vizuri kuliko wengine.

Mwaka 1973/74 nchi hii ilizalisha korosho tani kama 145,000. Nyingi zilitoka huku Mtwara, Lindi na Ruvuma, na zilikusanywa na watu kwa mikono, moja moja, chini ya mikorosho. Wazee ninaowatolea pesa leo ndio walikuwa vijana wakati huo. Wakulima waliuza kwa bei iliyopangwa na mamlaka ya zao, si kwa bei ya soko la dunia, na tofauti iliyobaki katikati ilikwenda kuendesha nchi: shule, zahanati, mishahara, viwanda. Hiyo ilikuwa kodi hata kama haikuandikwa kodi. Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Watu wakahamishwa, wengine mbali na mikorosho yao, mashamba yakaota msitu. Bei mbaya, maradhi ya mikorosho na umbali vikakutana, na ilipofika 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani kama 17,000. Sijasema haya ili tugombane na historia. Nasema gharama ya maamuzi yale ya taifa ililipwa na watu wenye majina, na baadhi yao wapo hai, wanakuja kwangu kuuliza kama imeingia elfu tano.

Na kodi ya maendeleo je? Mnaikumbuka? Ilifutwa 2003. Kabla ya hapo mwanamume wa kijijini asiye na stakabadhi alijua kulala porini mgambo wakipita alfajiri. Waliolipa walilipa wakiwa na kipato au bila kipato. Leo, ingawa kodi ile haipo, bibi asiye na mshahara wowote anakatwa VAT ya asilimia 18 kwenye sabuni, kwenye vocha, kwenye bati la kuzibia paa. Kwa hiyo ule usemi kwamba hawa hawakuchangia mfuko wowote, ndiyo maana hawana pensheni, naomba ufutwe kwenye mazungumzo yetu. Hawakuchangia mfuko wa wafanyakazi kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Mfuko wa Serikali wameuchangia tangu hawajaota ndevu.

Lakini angalieni nani anasikika. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya wafanyakazi ilipounganishwa na kanuni mpya ya kikokotoo, yaani hesabu ya mafao, ikasema mstaafu atapewa asilimia 25 tu kwa mkupuo, nchi ilitikisika. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akasitisha. Ikaja asilimia 33 mwaka 2022, na 2024 baadhi wakapandishiwa hadi 40. Nawaunga mkono wastaafu wale, jasho lao ni lao. Ila miaka yote hiyo ya malumbano kuhusu asilimia ngapi, mimi sikumsikia aliyesimama kuuliza habari za wasio na asilimia hata moja, ambao ndio wengi. Nanyi waheshimiwa mna kiinua mgongo kila Bunge linapovunjwa, na viongozi wa kisiasa wana sheria ya mafao yao tangu 1999. Sijawahi kusikia mkutano wa hadhara umeitishwa kujadili kama mbunge mstaafu ana bati.

Sasa vukeni bahari kidogo. Zanzibar, Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii: kila mzee aliyefikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka kwenye bajeti yake yenyewe. Aliyekuwa mvuvi, aliyekuwa mwalimu, aliyekuwa mama wa nyumbani, wote. Hakuna hojaji ya kitanda. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Kwa nini wao waliweza? Visiwa vile havina utajiri wa kutushinda. Nadhani ni kwa sababu tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 walishakubaliana kwamba mzee asiye na mtu ni wa Serikali, na nyumba za wazee za Sebleni zimekuwa sehemu ya fahari yao. Pensheni ilipokuja ilikuta udongo umeshalimwa. Mzanzibari hasikii aibu kwenda kuchukua, kwa sababu jirani yake aliyejaliwa naye anachukua.

Matokeo yake tuna jamhuri moja yenye majibu mawili. Mzee wa Mkokotoni ana chake mwisho wa mwezi, na mzee wa Pangani ng'ambo yake hana, wakati pengine walikuwa wakivua samaki walewale. Najua masuala ya ustawi wa jamii si ya Muungano. Naelewa sheria. Sielewi tu kwa nini jambo jema likivuka kivuko linahitaji pasipoti.

Na si Zanzibar peke yake. Kenya tangu 2018 imekuwa ikiwapa wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Malipo huchelewa, wazee hulalamika, lakini wanalalamika kwa sababu wanadai chao. Lesotho, nchi ndogo ya milimani, ilianza mwaka 2004 kwa kodi zake, maloti 150 kwa kila mwenye miaka 70. Mfano wa Afrika Kusini ndio unaonifikirisha zaidi. Wale walikuwa na pensheni ya uzeeni tangu 1928, ila Weusi hawakuwemo. Walipoingizwa 1944 walipewa kiasi kidogo kuliko wengine, na viwango havikulinganishwa hadi 1993. Fedha za kuwalipa sawa zilikuwepo miaka yote hiyo. Kilichokuwa kinapimwa ni nani anahesabiwa kuwa mtu kamili. Kila nchi ina mpaka wake wa namna hiyo ndani ya bajeti. Wa kwetu umepita kati ya aliyewahi kusaini mkataba wa ajira na asiyewahi.

Nijibu mnayoyasema siku zote, harakaharaka.

Kwamba hakuna fedha. Nimepiga hesabu kwa kikokotoo changu cha dukani. Kwa kiwango cha Zanzibar cha 50,000, kila wazee milioni moja wanahitaji shilingi bilioni 600 kwa mwaka. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa trilioni 56.49. Ni asilimia moja na kidogo. Mkiona nyingi, anzeni na wenye miaka 75, anzeni na 30,000, mteremke umri mwaka hadi mwaka. Sisemi ni bure. Nasema ni chaguo.

Kwamba matajiri nao watapata. Wapate. Wachache walioko huko wakatwe kwenye kodi zao, Mamlaka ya Mapato (TRA) inawajua. Ni nafuu kuliko kuwatuma watu na hojaji kila kijiji kumtafuta maskini halali, na bado wakamkosa fundi seremala wangu.

Kwamba watu watabweteka. Mwenye miaka 78 abweteke na nini? Kule Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo, wengi wao bibi waliobaki na wajukuu baada ya UKIMWI kuchukua watoto wao. Walipofanya tathmini mwaka 2008 walikuta pesa zimekwenda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Mimi nimeona vilevile hapa. Mzee akitoa pesa kwangu, hafiki mbali. Anavuka barabara kwa muuza dagaa, kisha duka la madaftari.

Kwamba watoto wataacha kuwatunza wazazi. Hili linaniudhi kidogo, maana linatufanya sisi watoto tuonekane tunatunza kwa kulazimishwa na njaa ya wazazi wetu. Pia tusijidanganye kuhusu heshima tunayoringia. Nchi hii hii imezika vikongwe waliokatwa mapanga kule Usukumani kwa kuambiwa wachawi, macho yao mekundu kwa moshi wa kuni. Mzee asiye na chochote ni rahisi kuonekana mzigo, na mzigo ni rahisi kusingiziwa. Mwenye hata elfu thelathini ya uhakika anaombwa ushauri, anakopwa, anaulizwa kama amelala salama.

Nina maslahi kwenye jambo hili, niyaseme wazi: wazee wakilipwa kwa simu, mimi napata kamisheni kila wakitoa. Ila kwa sababu hiyohiyo najua mtakwama wapi, naomba mnisikilize hapa kuliko kwingine kote.

Mtakwama kwenye vidole na vyeti. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokuja 2019, nilikaa na wamama waliobangua korosho maisha yao yote. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Vidole vyao ni laini kama kioo, hakuna mstari. Mashine ilikataa gumba, ikakataa cha shahada, ikakataa vyote kumi, na foleni nyuma ikinung'unika. Wengine hadi leo wanatumia laini ya mjukuu. Mkisema pensheni ni kwa mwenye alama za vidole zinazosomeka, mtakuwa mmewatoa walewale waliofanya kazi zaidi. Tumieni picha, tumieni shahidi, tumieni mtendaji wa kijiji na watu wawili wanaomfahamu.

Halafu umri. Wengi wamezaliwa nyumbani, na mwaka ulioko kwenye kitambulisho cha Taifa ulikadiriwa na karani aliyekuwa na haraka. Kuna mtu na mdogo wake, mdogo kaandikwa mkubwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, lakini karatasi ya kuthibitisha miaka hiyo mzee anatafuta mwenyewe. Wekeni utaratibu wa baraza la wazee la kijiji kusahihisha umri kwa kumbukumbu zinazojulikana: nani walichezwa jando pamoja, nani alikuwa na mtoto mgongoni wakati wa kuhamishwa vijijini. Ni utaratibu wenye mianya, ndiyo, na wachache watadanganya miaka miwili mitatu. Wapo pia wanaodanganya kwenye mizigo ya bandarini, na hatujafunga bandari.

Ninachoomba ni fungu lake kwenye bajeti ya Juni, lenye jina la pensheni ya wazee wote, la fedha zetu za ndani, hata kama mwaka wa kwanza litawafikia wenye miaka 75 tu, hata kama litaanza na mikoa michache. Mkianza na Mtwara na Lindi hatutakataa. Mimi hotuba ya bajeti huwa naisikiliza hapahapa kibandani, redio iko juu ya kabati, na siku hiyo wateja hawanioni nikiwa na haraka.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Wakala wa fedha za simu,
Masasi.